radvd na Matangazo ya Ruta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye ruta ya Linux, ambaye ameshagawiwa anwani za IPv6 na sasa anataka kompyuta na simu zilizo nyuma ya ruta hiyo zijipatie anwani zenyewe. Majibu hayalingani urefu. Penye mitego nimekaa sana, pepesi nimepita.

Tangazo la ruta ni kitu gani hasa?

Ni pakiti ndogo ya ICMPv6 (ujumbe wa huduma wa IPv6 yenyewe), aina ya 134, ambayo ruta huirusha kwenye mtandao wa ndani ikisema: nipo hapa, unaweza kutokea kwangu, anwani za mtandao huu zinaanza hivi, ukitaka kuulizia majina, seva ni hii, na kila nililosema lishike kwa sekunde kadhaa zilizoandikwa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Tangazo ni ahadi yenye muda. Ukishaitoa, kila aliyeisikia ataishika mpaka muda uishe, hata kama wewe umeshafuta faili na kwenda kulala. Karibu nusu ya maswali yaliyomo humu yanatokana na hapo.

Kanuni zake ziko katika nyaraka rasmi za intaneti, RFC 4861 na RFC 4862, zote za 2007, ingawa wazo lenyewe liliandikwa kama kanuni tangu 1996. radvd ni programu inayorusha matangazo hayo kwenye Linux na baadhi ya mifumo ya BSD. Iliandikwa kwanza na Pedro Roque na Lars Fenneberg katika miaka ya 1990, kisha ikapokewa na wengine wanaoitunza mpaka sasa.

Kompyuta inajipatiaje anwani bila kugawiwa na mtu?

Tuifuatilie moja inapochomekwa kebo. Jambo la kwanza inajitengenezea anwani ya ndani inayoanza na fe80, isiyovuka ruta. Inauliza majirani kama kuna mwenye anwani hiyo. Kukiwa kimya, inaichukua. Kisha inapaza sauti kwa kundi la ruta zote, ff02::2: kuna ruta hapa? Hiyo ni pakiti ya aina ya 133, na kwa kawaida huitoa mara tatu, kila baada ya sekunde nne, ikikosa jibu.

radvd inasikia na kujibu ndani ya nusu sekunde. Tuseme kiambishi kilichotangazwa, yaani ile sehemu ya mwanzo ya anwani, ni 2001:db8:5:1::/64. Kompyuta inachukua biti hizo 64, inaongeza 64 za kwake, na anwani imekamilika. Kwa njia ya zamani, hizo za kwake zilitokana na namba ya kadi ya mtandao: 52:54:00:12:34:56 inapasuliwa katikati, inapachikwa ff:fe, biti ya saba kutoka mwanzo inageuzwa, na anwani inakuwa 2001:db8:5:1:5054:ff:fe12:3456. Siku hizi mifumo mingi hutumia namba za kubahatisha badala yake ili kifaa kisifuatiliwe kila kiendako. Baada ya hapo inawauliza tena majirani kama anwani hiyo ina mwenyewe, halafu inaandika njia ya kutokea kupitia fe80 ya ruta.

Angalia hapo mwisho: njia ya kutokea ni anwani ya fe80. Wageni wengi wa IPv6 wakiiona kwenye jedwali la njia hudhani kuna kosa. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa nini nisitumie DHCP, seva inayogawa anwani, kama nilivyozoea?

Kwa sababu DHCPv6, yaani DHCP ya IPv6, haina namna ya kumwambia mteja ruta ni ipi. Hata ukiiendesha, bado utahitaji matangazo kwa ajili ya njia ya kutokea. Zaidi ya hayo, Android kwa miaka mingi imekataa kuchukua anwani kwa DHCPv6, kwa hiyo mtandao unaoitegemea peke yake utaziacha simu nyingi nje.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Kiambishi cha /64 kwa kila mtandao wa ndani, na kiolesura cha upande huo (yaani kadi ya mtandao ya ruta, humu eth1 ya ndani na eth0 ya nje) kiwe na anwani ya fe80 (tangazo lisilotoka kwenye fe80 hutupwa na wasikilizaji). Pia Linux iwe imeruhusiwa kupitisha pakiti:

```
sysctl -w net.ipv6.conf.all.forwarding=1
```

Hapa pana mtego ulionila jioni nzima. Ruta yangu yenyewe ilikuwa inapata njia yake ya kutokea kwa tangazo kutoka kwa mtoa huduma upande wa nje. Nilipowasha upitishaji, Linux ikajihesabu kuwa ruta, na ruta kwa kawaida haisikilizi matangazo ya ruta nyingine. Njia ya kutokea ikafutika palepale. Kompyuta za ndani zilikuwa na anwani nzuri kabisa na hazifiki popote, nami nikawa napekua radvd ambayo haikuwa na kosa lolote. Dawa ni kuiambia isikilize hata kama inapitisha, kwenye kiolesura cha nje:

```
sysctl -w net.ipv6.conf.eth0.accept_ra=2
```

Thamani ya 1 haitoshi hapo. Andika yote mawili kwenye faili la sysctl, la sivyo yatapotea ukiwasha mashine upya.

Faili la mipangilio linaonekanaje?

Huwa ni /etc/radvd.conf. Hili linatosha watu wengi:

```
interface eth1
{
    AdvSendAdvert on;
    MinRtrAdvInterval 200;
    MaxRtrAdvInterval 600;

    prefix 2001:db8:5:1::/64
    {
        AdvOnLink on;
        AdvAutonomous on;
        AdvPreferredLifetime 14400;
        AdvValidLifetime 86400;
    };

    RDNSS 2001:db8:5:1::53
    {
        AdvRDNSSLifetime 1800;
    };
};
```

Viambishi vinavyoanza na 2001:db8 vimetengwa kwa mifano tu, kwa hiyo weka chako. AdvSendAdvert isipowashwa, huduma itaendeshwa bila malalamiko na haitatangaza neno. AdvOnLink inawaambia wasikilizaji kwamba anwani zenye kiambishi hicho ziko jirani, hazihitaji kupitia ruta. AdvAutonomous inawaruhusu kujitengenezea anwani kutokana nacho. Ni mambo mawili tofauti, na unaweza kuwasha moja bila jingine.

Kila bano la kufungia lifuatwe na nukta mkato. Kabla ya kuanzisha huduma, likague faili:

```
radvd --configtest -C /etc/radvd.conf
```

Naweza kuandika ::/64 badala ya kiambishi chenyewe?

Ndiyo. radvd itatangaza viambishi itakavyovikuta kwenye kiolesura hicho. Inafaa pale mtoa huduma anapokubadilishia kiambishi mara kwa mara, ila soma kwanza swali la muda, chini kidogo.

Huduma inaendeshwa, lakini hakuna anayepata anwani. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye faili. Anzia kwenye waya, uone kama tangazo linatoka:

```
tcpdump -n -vv -i eth1 'icmp6 and ip6[40] == 134'
```

Fungua hiyo kwenye ruta, kisha kwenye kompyuta moja ya ndani. Isipoonekana kwenye ruta, tatizo ni la radvd au la mipangilio: AdvSendAdvert, jina la kiolesura, au upitishaji uliozimwa. Soma kumbukumbu za mfumo, mara nyingi radvd inakuwa imeshasema wazi. Kama eth1 ni sehemu ya daraja la br0 (kiolesura kinachounganisha vingine kuwa mtandao mmoja), tangaza kwenye br0, maana anwani na wasikilizaji wako huko.

Ikionekana kwenye ruta na isionekane kwa kompyuta, tazama kilicho katikati: swichi, kituo cha Wi-Fi, au VLAN (mgawanyo wa mitandao ndani ya swichi) iliyokosewa. Ikionekana pande zote na bado hakuna anwani, tazama fayawoli ya kompyuta, na urefu wa kiambishi. Kuna watu wamezoea kuzima ICMP yote kwa kudhani ni usalama. Kwenye IPv4 walikuwa wanapona kwa bahati. Kwenye IPv6 ukifunga aina za 133 hadi 136 umeua mtandao mzima, kwa sababu hata kumtafuta jirani kunapita humo.

Ndani ya radvd kuna programu ndogo iitwayo radvdump. Ukiiendesha kwenye kompyuta ya Linux inayosikiliza, itakuandikia kila tangazo linalofika kwa mtindo uleule wa faili la mipangilio. Mimi naipenda kuliko tcpdump kwa kazi hii, maana unaweza kulinganisha mstari kwa mstari ulichoandika na kilichofika.

Anwani inapatikana, ila baada ya dakika kadhaa. Au inapatikana, kisha baada ya nusu saa intaneti inakata.

Haya yanafanana kwa mbali na yana sababu zilizopingana.

Ikichelewa kwa dakika kadhaa, maana yake swali la kompyuta halifiki kwa ruta. Kompyuta inauliza, hakuna anayesikia, inakaa kungoja tangazo la kawaida, ambalo kwa mipangilio ya juu linakuja kati ya sekunde 200 na 600. Tafuta kinachozuia pakiti za aina ya 133 kwenda ff02::2: fayawoli ya ruta, au swichi inayochuja pakiti za makundi kwa ujuaji mwingi.

Ikikata baada ya nusu saa, ni kinyume chake. Swali lilifika, ruta ikajibu moja kwa moja kwa aliyeuliza, kila kitu kikakaa sawa. Lakini matangazo ya kawaida, yanayorushwa kwa wote kupitia ff02::1, hayafiki. Muda wa njia ya kutokea usipoandikwa huwa mara tatu ya MaxRtrAdvInterval, yaani sekunde 1800. Zikiisha bila kusikia tangazo jingine, kompyuta inaifuta ruta. Mtumiaji anazima Wi-Fi na kuwasha, inauliza upya, inapata nusu saa nyingine. Ukisikia mtu anasema "nikizima na kuwasha inarudi", shika saa uhesabu. Ikifika dakika 30 kamili, umeshampata mchawi.

Naweza kutangaza kiambishi cha /80 ili nisipoteze anwani?

Hapana. Sehemu ya kifaa ni biti 64, na jumla lazima ifike 128. Kompyuta itapuuza kiambishi hicho katika kujitengenezea anwani. Linux huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kina urefu usiofaa. Na huo uchu wa kubana anwani uache kwa IPv4.

Kuna muda wa namna mbili kwenye kiambishi. Tofauti yake?

AdvPreferredLifetime ni muda ambao anwani inatumika kwa mazungumzo mapya. Ukiisha, anwani inakuwa ya kustaafu: mazungumzo yaliyokwisha kuanza yanaendelea, lakini hakuna jipya linaloanza nayo. AdvValidLifetime ukiisha, anwani inafutwa kabisa. Usipoandika chochote, radvd hutumia saa 4 kwa wa kwanza na saa 24 kwa wa pili. Kila tangazo jipya linaanzisha hesabu upya, kwa hiyo mambo yakiwa shwari muda huo hauishi kamwe.

Taabu inaanza kiambishi kinapobadilika. Tuseme jana ulikuwa unatangaza 2001:db8:5:1::/64. Usiku mtoa huduma akakubadilishia. Ukahariri faili, ukaanzisha upya radvd, ikaanza kutangaza 2001:db8:9:1::/64. Kompyuta sasa zina anwani mbili, ya jana na ya leo, na zote mbili zinaonekana bado nzuri, kwa sababu hakuna aliyeziambia ya jana imekufa. Baadhi ya mazungumzo yatatoka na anwani ya jana, majibu yatapotelea njiani, na watumiaji watakwambia kurasa "zinafunguka zikitaka".

Kufuta kiambishi kwenye faili ni kunyamaza tu, na ukimya hautangui ahadi. Inabidi uitangue kwa sauti: acha kiambishi cha zamani kwenye faili kando ya kipya, ukiweka AdvPreferredLifetime 0. Kompyuta zikilisikia hilo, zinastaafisha anwani ya zamani papo hapo.

Basi niweke na AdvValidLifetime 0 ili ifutike mara moja?

Haitafutika. Kanuni inaikataza kompyuta kukubali muda wa mwisho uliopunguzwa chini ya saa 2 kwa tangazo lisilothibitishwa. Anwani iliyobakiza saa 20 itashushwa hadi saa 2. Iliyobakiza dakika 50 itaachwa imalize dakika zake. Iliwekwa hivyo makusudi: bila kizuizi hicho, mtu yeyote aliye kwenye mtandao wako angeweza kufuta anwani za kila mtu kwa pakiti moja. Kwa hiyo iache ikafie mbali kwa hizo saa 2. Ikishastaafu haina madhara.

Kama unajua mapema kwamba kiambishi kitabadilika tarehe fulani, punguza muda wote siku kadhaa kabla. Kuna pia DecrementLifetimes, inayoifanya radvd ihesabu kwenda chini badala ya kurudia muda uleule kila tangazo.

DNS je?

RDNSS ni ya seva, DNSSL ni ya majina ya kikoa ya kutafutia. Kanuni inayotumika ni RFC 8106 ya 2017, nayo imerithi za 2010 na 2007. Windows ilianza kuelewa RDNSS mwaka 2017 pia, kwa hiyo mashine kongwe zitahitaji DHCPv6 au DNS ya IPv4. Muda wake usiwe mfupi kuliko MaxRtrAdvInterval, vinginevyo seva itasahaulika kabla ya tangazo linalofuata. Mara tatu ya hapo inatosha.

Alama za M na O nizielewe vipi?

AdvManagedFlag (M) inasema: kuna DHCPv6 hapa, iulize anwani. AdvOtherConfigFlag (O) inasema: DHCPv6 ipo kwa mambo mengine, kama DNS, anwani jitengenezee. Ni ushauri tu, kila mfumo unaufuata kwa namna yake. Kuwasha M hakuzimi kujitengenezea anwani; hilo linazimwa na AdvAutonomous off. Watu wengi huwasha M, husahau kuzima AdvAutonomous, halafu hushangaa kompyuta moja ina anwani nne. Na usiwashe hata moja kama huna DHCPv6.

Naweza kuwa na ruta mbili kwenye mtandao mmoja?

Ndiyo. Zitangaze kiambishi kimoja, na moja ipewe AdvDefaultPreference high, nyingine low. Mambo mengine yalingane: muda, alama, ukubwa wa pakiti. radvd husikiliza matangazo ya mwenzake na kuandika kwenye kumbukumbu kila inapoona hawakubaliani, ikitaja na anwani ya huyo wa pili. Mistari hiyo usiidharau hata kama unayo ruta moja tu. Hapo hasa ndipo usiidharau.

Kwa nini? Kama nina ruta moja, huyo wa pili ni nani?

Ni mtu aliyechomeka kifaa chake kwenye soketi ya ukutani, au kompyuta iliyowashwa kushiriki intaneti bila mwenyewe kujua. Tangazo halina nywila. Mashine yoyote iliyo kwenye mtandao huo ikirusha pakiti ya aina ya 134 itaaminiwa sawasawa na ruta yako. Ulinzi pekee wa ndani ya kanuni ni kwamba pakiti lazima ifike na kikomo cha ruka 255, jambo linalothibitisha kwamba haikupitia ruta yoyote, kwa hiyo wa nje hawezi kuituma. Wa ndani anaweza.

Kinga ya kweli iko kwenye swichi na inaitwa RA Guard, iliyoelezwa katika RFC 6105 ya 2011: unaiambia swichi matangazo yaruhusiwe kuingia kwa tundu moja tu, lile la ruta, na kwingine kote yatupwe. Swichi isipokuwa na uwezo huo, weka ruta yako kuwa high. Haimzuii mkorofi, ila inawaokoa wengi na mzembe, ambaye ndiye utakayekutana naye mara nyingi.

Wi-Fi inahitaji mipangilio ya pekee?

Kishawishi kimoja cha kukataa ni kufupisha MaxRtrAdvInterval hadi sekunde 10 ili mambo "yaende haraka". Kifaa kipya kinauliza chenyewe na kujibiwa mara moja, kwa hiyo huharakishi kitu. Unachofanya ni kuamsha kila simu iliyolala, kila sekunde chache, na betri zinaisha. Iache 600.

Nitajuaje nani ana anwani gani?

Hakuna daftari kama la DHCP. `ip -6 neigh` kwenye ruta inaonyesha majirani wa sasa na namba za kadi zao, na hizo nazo simu hubadilisha. Ukitaka kumbukumbu za muda mrefu, hifadhi jedwali hilo kila dakika chache. Seva zako zipe anwani za kudumu kwa mkono.

Kuna programu nyingine zaidi ya radvd?

dnsmasq, systemd-networkd na odhcpd zinatangaza pia. FreeBSD ina rtadvd, OpenBSD ina rad. Kama dnsmasq inakuendeshea DHCP na DNS tayari, itumie hiyo. Usiendeshe mbili kwenye kiolesura kimoja.

Nikitaka kuizima ruta moja kwa moja, nifanyeje?

Isimamishe radvd kwa utaratibu: `systemctl stop radvd`. Ikisimama vizuri inarusha tangazo la kuaga lenye muda wa njia ya kutokea sifuri, na kompyuta zinaiacha mara moja. Ukichomoa umeme tu, au ukiiua kwa `kill -9`, hakuna kuaga, na kompyuta zitaendelea kuitegemea mpaka zigundue zenyewe kwamba haijibu. Kuaga huko kunahusu njia ya kutokea peke yake, anwani zinabaki. Ili kiambishi nacho kistaafu, weka `DeprecatePrefix on;` ndani ya mabano ya prefix na uanzishe radvd upya siku moja kabla. Ikifika saa ya kuzima, isimamishe, kisha tazama kwenye kompyuta moja kwa `ip -6 addr`: anwani ikionyesha neno deprecated, chomoa.